Kuku wa uwani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu tabia zao na nani anampisha nani

Nafuga kuku wa kienyeji nje kidogo ya mji wa Wete, Pemba, uwani kwangu, chini ya mfenesi. Kwa leo wapo 19: majogoo 2, tembe 11 (majike waliokwisha kutaga), mitetea 4 (majike wachanga) na pora 2 (madume wachanga) wanaokoroma alfajiri wakidhani wanawika. Vifaranga sivihesabu mpaka vikue, maana kunguru naye ana hesabu yake. Majirani wanaokuja kununua mayai huniuliza maswali, na mengi hayahusu chakula wala dawa. Yanahusu ugomvi. Kwa nini huyu anaonewa, kwa nini yule hataki kulala na wenzake, kwa nini jogoo amegeuka. Haya hapa ni yale yanayorudi kila mara, na nimeyajibu kama ninavyoyajibu nikiwa nimekaa barazani na kuku wenyewe wakipita miguuni.

Kuku wangu wanadonoana kutwa. Ni ugomvi au ndiyo maumbile yao?

Ndiyo maumbile yao. Kuku wana madaraja. Wa juu humdonoa wa chini yake, wa chini harudishi, naye humdonoa aliye chini yake, mpaka ufike kwa yule maskini asiye na wa kumdonoa.

Aliyeliandika jambo hili kitaalamu ni Mnorwei mmoja, Thorleif Schjelderup-Ebbe, aliyezaliwa mwaka 1894. Alianza kuwatazama kuku akiwa mtoto, akiandika nani kamdonoa nani, na alipokuwa mtu mzima hayo hayo ndiyo yakawa utafiti wake, ukachapishwa kwa Kijerumani mwaka 1922. Nafurahi sana nikifikiri kwamba elimu hii imeanza kwa mtoto aliyekaa na kuku. Wa kwetu tukimkuta hivyo tunamwambia akachote maji.

Alichokiona ni kwamba kila kuku wawili wana mapatano yao. Wakishapimana, mshindi anajulikana, na vita ile hairudiwi kila asubuhi. Aliyeshindwa anapisha, yamekwisha. Kwa hiyo kundi lililokaa pamoja muda mrefu lina madonoo mengi madogo na majeraha machache sana. Akaona na jengine: ngazi si lazima inyooke. Kwangu mimi Karani humfukuza Kidimu, Kidimu humfukuza Chausiku, na Chausiku humfukuza Karani. Mwaka mzima nilidhani naona vibaya, kumbe hata kuku wa Norwei walikuwa hivyo hivyo.

Nitamjuaje mkubwa wao?

Usimtazame anayedonoa, mtazame anayepishwa. Anayedonoa sana mara nyingi ni wa katikati, anayeogopa kuporomoka. Mkubwa khasa hana haja.

Asubuhi moja nimemaliza kukuna nazi mbili na kukamua tui, nikamwaga machicha kwenye sinia bovu. Wote wakaja mbio, mabawa nje. Bimkubwa, tembe la kijivu lenye ukucha mmoja uliokatika, alikuja wa mwisho kwa mwendo wake wa siku zote, kama mtu anayekwenda arusini na anajua haitaanza bila yeye. Hakuinua shingo wala hakutoa sauti. Kidimu alisogea hatua mbili, Karani akazunguka upande wa pili wa sinia, mtetea mmoja akainamisha kichwa na kutoka kabisa, machicha yakimning'inia mdomoni. Pakawa na nafasi ya kuku mmoja. Bimkubwa akala, akafuta mdomo kwenye ukingo wa sinia, huku na huku, akaondoka. Hakuna aliyeguswa.

Ukitaka kuhakikisha, tazama magharibi wanapopanda kulala. Wakubwa huchukua sehemu ya juu, iliyo mbali na njia ya paka, na wadogo hungoja wakapewa kilichobaki. Tazama pia nani anayeanza kunywa maji mchana wa jua kali, na nani akiingia kuoga mchanga wengine humwachia shimo. Siku tatu za kukaa na kikombe cha chai uwani zinatosha kuandika orodha yote.

Jogoo si ndiye mkubwa wa wote?

Ngazi ni mbili. Majike wana yao, madume wana yao. Jogoo aliyekomaa kwa kawaida huwa juu ya majike wote, lakini si mtu wa kugombania nao chakula. Yeye huwaitia. Utamwona anaokota punje, anaiangusha, anaiokota tena, kichwa kinapanda na kushuka, na sauti ya haraka haraka ya kuita. Majike wanaijua, wanakuja, na yeye haili ile punje.

Sasa hapa pana ujanja. Watafiti wameshuhudia majogoo wakiita hivyo hivyo pasipo na chakula chochote, khasa jike akiwa mbali. Jogoo wangu mkubwa, ambaye watoto wamempa jina la Sheha, hufanya hivyo kwa kijiwe. Bimkubwa alikuwa hageuki hata shingo. Mitetea bado wanakwenda.

Kazi yake ya pili ni ulinzi, na hapo hana utani. Kuku wana sauti moja ya hatari inayotoka juu na nyengine ya hatari inayokuja kwa miguu. Mwewe akipita, jogoo hutoa sauti nyembamba, ndefu, na kila kuku huganda au hukimbilia chini ya kitu, jicho moja likitazama mbinguni. Akimwona paka au fungo, kelele zake ni za kukatika katika, kubwa, na wote husimama wima kumtafuta huyo adui. Mimi mwenyewe nikiwa jikoni najua nitoke na nini mkononi. Kwa kunguru tu ndiyo sauti zinachanganyika, kwa sababu kunguru hushuka, akatembea, akajifanya mgeni mwema. Hawa kunguru wa Kihindi waliletwa Zanzibar katika miaka ya 1890, na vifaranga wetu wanailipa mpaka leo.

Majogoo wangu hupokezana kuwika. Anayeanza ni yule yule kila siku?

Ndiyo, na sababu yake ni nzuri. Mwaka 2015 watafiti wa Japani walitoa matokeo yao: katika kundi la majogoo, mwenye daraja la juu ndiye anayeanza kuwika alfajiri, na wengine humfuata kwa zamu ya madaraja yao. Walipomwondoa mkubwa, wa pili wake ndiye aliyeanza. Miaka miwili kabla ya hapo walikuwa wameonyesha kwamba jogoo ana saa yake ndani ya mwili. Hata akiwekwa penye mwanga hafifu usiobadilika, huwika wakati wake ukifika. Haongojei jua.

Wazee wetu waliokuwa wakihesabu usiku kwa jogoo la kwanza na jogoo la pili hawakukosea. Kwangu Sheha huanza kabla ya adhana ya alfajiri, jogoo mdogo hufuata, halafu pora. Siku moja mmoja wa pora alitangulia. Sheha alishuka mtini gizani kwenda kumtafuta.

Nimenunua kuku sokoni. Nimtie moja kwa moja kwa wenzake?

Hapana, na hili ndilo swali ambalo ningependa watu waniulize kabla ya kununua.

Kwanza maradhi. Mdondo, ambao wengine wanauita kideri, unaweza kufagia banda zima kwa wiki moja, na kuku wa sokoni anaweza kuja nao akiwa bado mchangamfu. Mweke mbali na wenzake, kizimba chake, chombo chake cha maji, si chini ya wiki mbili. Na hao wako wawe wamepata chanjo. Ile ya matone ya jicho hurudiwa kila baada ya miezi mitatu au minne, muulize daktari wa mifugo wa karibu.

Baada ya hapo ndiyo kazi ya adabu. Kisogeze kizimba mahali wanapomwona na yeye anawaona, lakini hawafikiani. Watakuja kumtazama, watamrukia waya, halafu watamzoea. Siku nne au tano. Kisha mtoe alasiri, saa moja kabla ya kulala, wakati wote wameshiba na wanafikiria kupanda juu. Siku ya pili ongeza muda. Weka vyombo viwili vya chakula na viwili vya maji, na viwe mbali, mmoja asiweze kuvilinda vyote. Kama una uwezo nunua wawili, usinunue mmoja. Mgeni peke yake hupokea madonoo yote.

Sasa, sote tunajua kwamba kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Wazee walimfunga asirudi alikotoka, na wengi bado tunafanya hivyo, tunamfunga kwenye mti pale pale uwani. Mimi nimeacha, kwa sababu moja. Katika lugha ya kuku, kuomba amani ni kuondoka. Ukidonolewa ukasogea, umesalimu amri. Aliyefungwa anataka kusogea na kamba inamrudisha. Mwenzake anaona huyu bado amesimama, anamdonoa tena. Jirani yangu mmoja alimfunga mtetea wake chini ya mdimu akaenda sokoni kuuza ndizi, akarudi akamkuta utosi wote mwekundu. Akawalaani kuku wake. Nikamwambia, shoga, hao wamefanya ukuku wao. Kamba umeifunga wewe. Hatukusemeshana siku mbili.

Utaona kufukuzana, kurukiana vifua, manyoya mawili matatu chini. Waache. Ingia kati pakitoka damu, au mgeni akishindwa kabisa kufika kwenye chakula kutwa nzima.

Vifaranga wanaanza lini haya mambo?

Mapema. Wiki chache tu tangu kutotolewa utawaona wanarukiana, vifua mbele, halafu wanasahau wanaendelea kula. Mara nyingi wanapofikia miezi miwili hivi, mchezo umekuwa mambo ya kweli na kila mmoja anajua nafasi yake. Waliokua pamoja huwa na amani zaidi ya waliokutanishwa ukubwani. Na mwana wa kuku hafunzwi kuchakura, wala hili hafunzwi.

Mmoja anaonewa mpaka kichwa kinatoka damu. Nifanye nini?

Mtoe leo, si kesho. Kuku akiona wekundu wa damu hudonoa pale pale, na wenzake hufuata, na hata waliokuwa wapole huingia. Msafishe kwa maji ya chumvi, mpake ile dawa ya zambarau ya duka la dawa, ambayo pia inaficha wekundu, umweke kizimbani mpaka kidonda kikauke.

Halafu mrudishe akiwa na sura yake. Hili nililijua kwa kosa. Kuku hutambuana zaidi kwa kichwa: upanga, uso, mashavu. Kuku wangu wa chini kabisa, Makombo, alijeruhiwa utosini, nikampaka dawa kwa mkono mzito, kichwa kizima kikawa zambarau mpaka shingoni. Baada ya siku nane nikamrudisha, kidonda kimepona, rangi bado. Hawakumjua. Hata mtetea aliyekuwa akilala naye ubavu kwa ubavu alisimamisha manyoya ya shingo. Nilimtoa tena, nikangoja rangi ipungue, nikaanza naye upya kama mgeni.

Mwisho mtazame mwonevu. Kama ni mmoja tu anayesumbua wote, usimtenge anayeonewa, mtenge yeye kwa siku tatu nne. Akirudi anakuta wenzake wamejipanga bila yeye, na mara nyingi anaingia kwa adabu.

Wamekaa vizuri miaka miwili, ghafla wameanza kung'oana manyoya. Kuna nini?

Jiulize umebadilisha nini wewe. Nasema hivi kwa sababu nilijifunza kwa hasara msimu wa karafuu.

Mwaka ule mavuno yalikuwa mazuri na uwa wote ulikuwa majamvi ya karafuu zinazoanikwa. Kuku na jamvi la karafuu hawawekwi pamoja. Hawazili, lakini wanachakura, na karafuu inayokauka ikitawanywa mchangani unaiokota punje punje mpaka magharibi. Nikawafungia wote bandani. Banda langu ni la kulala, si la kushinda. Siku ya kwanza kelele. Siku ya pili kimya, nikafurahi. Siku ya tatu nikafungua, nikakuta Makombo na mtetea mmoja hawana manyoya mkiani, na Kishingo, ambaye shingo yake ni tupu tangu kuzaliwa, amedonolewa ngozi.

Walikuwa hawana pa kusogea, hawana mchanga wa kuoga, hawana cha kuchakura, na joto. Wa chini alikuwa akipisha anagonga ukuta. Kung'oana manyoya kunaweza pia kutokana na upungufu wa protini, wadudu mwilini, au jike kupandwa kupita kiasi na jogoo (hapo utaona mgongo ndio ulio mtupu), lakini mimi huanza na nafasi.

Siku hizi karafuu zikiwa nje nawawekea uzio wa makuti upande wa migomba. Nawatundikia mchicha au majani ya mpapai kwa kamba, juu kidogo, wawe na kazi ya kurukia. Mchanga mkavu uliochanganywa na majivu kidogo umo ndani ya nusu ya pipa. Kwa waliomo bandani, kila kuku awe na sentimita 20 hivi za mti wa kulalia, na kiota kimoja kwa majike wanne au watano. Na mzee wa dagaa wa hapa kwetu huniwekea vichwa na vumbi la dagaa, bei ya bure.

Niweke majogoo wangapi?

Mmoja kwa majike 8 hadi 10 anatosha. Wawili wanawezekana kama eneo ni kubwa na mmoja amemlea mwengine, au walikua pamoja. Wangu wawili ni baba na mwana, na kila mmoja ana upande wake wa uwa, mpaka wao ni mdimu mmoja. Watatu kwenye uwa mdogo ni mchuzi unaotembea.

Nimepewa kuchi. Atapatana na hawa wangu?

Kuchi ni kuku mzuri kumtazama: mrefu, kifua wima, shingo kama ya farasi, upanga mdogo uliolala, na mifupa mizito. Pia ni mgomvi kwa asili, na ndiyo sababu watu walimpenda. Hapimani kidogo akaacha kama wengine. Jogoo wa kuchi anaweza kumfuatilia aliyekwisha kushindwa, na hilo ndilo linaloua. Ukitaka mbegu yake, mpe majike yake na banda lake. Chotara wake, ninaowaona kwa jirani, ni wakubwa na wana nyama, lakini pora wao unatakiwa uwatenganishe mapema.

Kuku jike wangu amewika. Ni nuksi?

Wengi watakwambia umchinje kabla ya magharibi. Mimi sijamchinja wangu.

Sababu zipo. Pasipo na jogoo, jike wa juu wakati mwengine huchukua nafasi yake, analinda, anatangulia, na kuna wanaowika, sauti mbaya mbaya. Nyengine ni ya mwilini: kuku jike ana kokwa mbili za mayai lakini inayofanya kazi ni ya kushoto tu, na ikiharibika kwa maradhi anaweza kuota upanga mkubwa, akaacha kutaga na kuanza mambo ya kidume. Kama anakula vizuri, huyo hana shida na mtu. Kama umekerwa na sauti, hilo ni jambo jengine.

Jogoo anamrukia mwanangu kila akitoka kwenda skuli.

Jogoo amemweka mwanao katika ngazi yake, na amemweka chini. Kila mtoto anapokimbia, jogoo anahesabu ushindi. Mara nyingi hawa ni majogoo waliochezewa sana wakiwa vifaranga, wakakua hawamwogopi mtu.

Mtoto asikimbie, na asimpige teke; teke kwake ni jibu la vita, atarudi na lake, na ile miiba ya miguuni inachana. Asimame, amtazame, atembee polepole kumwelekea mpaka jogoo ageuke yeye. Mtu mzima anaweza kumkamata, akamkumbatia chini ya kwapa, miguu imeshikwa, akazunguka naye uwani dakika kumi mbele ya majike wake. Jogoo hupoa kwa hilo. Akiendelea kumrukia mtoto mdogo usoni, usifanye majaribio zaidi. Jicho la mtoto ni moja, na kuku wa kupaka ni mtamu.

Hivi kuku wana tabia zao kweli, au ni sisi tunawapachika?

Kidogo tunawapachika, nakubali. Lakini chukua ndoo nyekundu ambayo hawajaiona, iweke katikati ya uwa, kaa utazame. Utapata wale wale kila mara wanaokwenda kuigonga, wale wale wanaozunguka kwa mbali, na mmoja anayekwenda kulala.

Karani ndiye anayegonga. Nikitua kikapu anakikagua, nikitandika jamvi anapita juu yake mwanzo mpaka mwisho, mlango wa jiko ukiwa wazi yumo ndani. Si wa juu, ni wa nne au wa tano, na udadisi wake unamponza, maana huwa mbali na wenzake fungo anapopita. Kidimu, yule mwenye manyoya yaliyopinda nje, ni mwoga wa mvua na mkali wa chakula. Mwaka jana mtu alikuja kutaka kumnunua kwa bei kubwa, nikajua anapelekwa kwa mganga, nikakataa. Kishungi ana manyoya yaliyomfunika macho, kila mtu anadhani ni mjinga anayeshtuka bure. Nilipompunguza yale manyoya kwa mkasi alipanda daraja mbili katika wiki tatu. Alikuwa haoni nani anakuja.

Na Makombo. Watu humwonea huruma, lakini mtazame vizuri. Amejifunza kula wakati wengine wanaoga mchanga. Anataga nyuma ya kinu, pasipo na foleni. Ndiye wa kwanza kusikia mlango wangu ukifunguliwa, kwa sababu hana anayemtegemea isipokuwa mimi.

Tembe langu lilikuwa pole. Tangu liatamie limekuwa chui.

Ni sawa. Siku 21 atakaa juu ya mayai, atatoka mara moja kwa siku kula na kunywa, manyoya yamesimama, akilia kluk kluk, na atamdonoa yeyote. Akitoka na vifaranga ndiyo zaidi: nimemwona kuku wa daraja la chini kabisa akimfukuza Sheha mpaka nje ya uzio. Bimkubwa mwenyewe alikuwa akimpisha mwenye vifaranga. Wakishakua na yeye kuwaacha, baada ya miezi miwili mitatu, cheo kile kinayeyuka. Wengine hurudi chini zaidi ya walipokuwa, kwa sababu wenzao walijipanga wao wakiwa hawapo.

Anakula mayai yake mwenyewe.

Wanasema kuku havunji yai lake. Huyo hajasikia. Mara nyingi huanza na yai la ganda laini lililopasuka, akaonja. Sagia maganda ya chaza au makome uwachanganyie kwenye chakula, okota mayai mapema, fanya kiota kiwe na giza. Aliyekwisha kuwa mraibu ni vigumu kumwachisha.

Nikimchinja mkubwa wao, itakuwaje?

Kutakuwa na fujo kidogo, kwa kawaida siku chache hadi wiki mbili, kwa sababu kila aliye karibu na juu anataka kujua. Wa pili si lazima awe wa kwanza. Kama ni kwa ajili ya sikukuu na una nafasi ya kuchagua, chagua wa katikati. Kundi halitahisi sana.

Mimi sikuchinja, mwaka huu Bimkubwa alikufa mwenyewe baada ya futari, siku ya nane ya Ramadhani, chini ya mfenesi. Asubuhi yake nilikuna nazi kama kawaida na kumwaga machicha. Walikuja mbio wote, wakafika kwenye sinia, wakasimama. Hakuna aliyeanza. Nilihesabu mpaka ishirini hivi. Karani ndiye aliyeingiza mdomo kwanza, si kwa cheo, ni kwa udadisi wake ule ule, na Chausiku akamdonoa. Leo ni wiki ya sita. Chausiku anakuja wa mwisho kwenye sinia, na wanampisha.